Mdogo wangu ameacha kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu ya daftari lake la mifungo

Dada wa Kwanza ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mdogo wangu wa kike ana daftari alilolichora vijisanduku: saa za maombi, sura alizosoma, siku za kufunga, hata maneno mabaya aliyoyasema. Sanduku moja likibaki tupu, hali vizuri siku nzima. Juzi ibada ya Meza ya Bwana ilipofika alibaki amekaa, akaniambia "sistahili, wiki hii nimevunja mfungo." Nilitamani kumkemea, lakini nimkemee kwa lipi? Kuomba ni kwema. Kufunga ni kwema. Mbona basi namwona anakauka badala ya kuchipua? Nisaidieni, nampenda sana huyu mtoto.

Msomaji wa Wagalatia amejibu:

Dada, pole. Hujaona vibaya.

Nimefundisha darasa la Biblia kwa muda mrefu, na wanaonipa hofu zaidi si wale wanaochelewa ibada. Ni wale ambao hawawezi kumkaribia Mungu mpaka kwanza wajikague na kujipasisha. Tazama alichofanya mdogo wako: alipoanguka, alikimbia meza iliyoandaliwa kwa ajili ya walioanguka. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Daftari limekaa mahali pa Kristo, nalo halina damu ya kumwaga kwa ajili ya mtu yeyote.

Paulo hakuwaandikia Wagalatia kwa sababu ya ulevi au uasherati. Walikuwa wanataka kutahiriwa, wakishika siku na miezi na nyakati. Mambo ya watu wa dini! Lakini ni hao aliowaambia, "Mmetengwa na Kristo, ninyi mtakao kuhesabiwa haki kwa sheria" (5:4). Na kule Antiokia hakumwonea haya hata Petro, alipojitenga mezani na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo.

Yule Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, na Torati iliamuru siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Alikuwa amezidisha. Kwake ziada ikawa kiburi. Kwa mdogo wako pungufu limekuwa kukata tamaa. Nawaona hawa wawili kuwa mapacha, maana wote wanajitazama wenyewe. Akifaulu kujaza masanduku yote kwa miezi kadhaa, ndipo utakapoona anaanza kuwapima wenzake, na hapo itakuwa vigumu zaidi kumfikia kuliko sasa anapolia.

Kuhusu "sistahili": someni pamoja 1 Wakorintho 11 tangu mstari wa 17. Kosa la Wakorintho lilikuwa kwamba wenye nacho walitangulia kula, huyu ana njaa na huyu amelewa, na maskini wakatahayarishwa. Paulo hakusema ajihoji kisha abaki kwenye kiti. Alisema ajihoji, na hivyo aule mkate.

Mlinzi wa Lango amejibu:

Mtumishi, umenena, ila naomba tahadhari. Nimewaona watu wakisema "tuko chini ya neema" huku wakiishi watakavyo. Warumi 6 ipo, inayokataza kudumu katika dhambi ili neema izidi. Yakobo 2 ipo, isemayo imani bila matendo imekufa. Tusimwondolee binti nidhamu tukamwacha bila ukuta.

Msomaji wa Wagalatia amejibu:

Naipokea, ndugu, na sitaki aache kufunga. Ila jibu la Paulo katika Warumi 6 si sheria kali zaidi. Anawaambia wamekufa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye. Na kwa Wakolosai anasema wazi kwamba "usishike, usionje, usiguse" huonekana kuwa na hekima, lakini haifai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Ukuta unaoutegemea, mtume mwenyewe anasema hauzuii. Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, aliingia monasteri mwaka 1505, akakesha, akafunga, akaungama kwa saa nyingi, na hofu haikumwachia. Nidhamu ilikuwepo tele. Alichokosa ni uhakika kwamba Mungu yuko upande wake kwa ajili ya Kristo.

Dada wa Kwanza amejibu:

Nimesoma na machozi. Je, nimwambie alichome daftari?

Mama wa Maombi amejibu:

Hapana mwanangu, usimpe amri nyingine juu ya zile alizo nazo. Akilichoma kwa kuagizwa, kesho atahesabu siku alizokaa bila daftari. Mimi ningeomba naye siku ile ile aliyokosa, jioni hiyo hiyo, kabla hajajirekebisha. Amwite Mungu Baba akiwa na sanduku tupu mbele yake. Mfanye hivyo mara nyingi, bila mahubiri.

Mwambie na mchungaji wenu, amhakikishie kwa kinywa chake kwamba anakaribishwa mezani. Na kama halali usiku, au anarudia kutubu jambo moja tena na tena bila kupata amani, mpeleke kwa daktari pia. Hofu ya namna hiyo huweza kuwa ugonjwa wa akili unaotibika, na kumtibu si kupungukiwa imani. Utujulishe anaendeleaje. Jina lake la kwanza tu linatosha tukimwombea, au usilitaje kabisa.