Godauni la Mwembeni

Kikundi: MAJIRANI MWEMBENI
Alhamisi

Baba Aisha, 18:02
Majirani, mmeliona tangazo kwenye geti la godauni? Wanaomba kubadili matumizi ya kiwanja, kutoka ghala kuwa makazi. Ghorofa nne, nyumba 60, za kupangishia watu wa kipato cha chini. Mwisho wa kupeleka maoni manispaa ni Ijumaa ijayo. Barua ya pingamizi iko kwangu, anayetaka kuweka sahihi apite.

Mzee Salum, 18:05
Nakuja baada ya Magharibi. Mtaa tumeujenga kwa jasho, leo tumwagiwe familia 60 kwa mpigo?

Mama Godi, 18:07
Wapangaji wa kuhamahama hawana uchungu na mtaa. Na wizi utaongezeka.

Mama Tunu, 18:15
Shikamoo Mzee Salum. Majirani poleni na kazi. Mimi nauunga mkono mradi huu, nasema mapema ili nisije kuonekana nilijificha. Naomba mnisikilize kabla hamjaenda kwa Baba Aisha.
Neema wa zahanati, yule aliyemhudumia mjukuu wako Mzee usiku wa ile homa, anakaa Chanika. Anaamka saa kumi alfajiri ili awahi zamu. Mwezi wa pili alitafuta chumba hapa kwetu, nikazunguka naye. Tukapata kimoja, choo cha kuchangia na wapangaji sita, luku moja nyumba nzima. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, dalali anataka ya mwezi mmoja. Miezi saba kwa mkupuo, kwa binti anayelipwa mwisho wa mwezi! Tulipotoka pale alinyamaza mpaka kituoni. Tangazo linaposema "kipato cha chini" linamsema yeye.

Mzee Salum, 18:21
Marahaba mwanangu. Kwa Neema sina neno.

Baba Aisha, 18:24
Neema ni mmoja, na hao wengine siwajui. Haya, maji taka ya nyumba 60 yataenda wapi? Masika tu mtaa unageuka mto.

Frank Fundi Bomba, 18:30
Baba Aisha ana hoja hapo. Ila niseme ukweli, nimeshaingia mashimo ya karibu nusu ya nyumba za mtaa huu. Mvua ikikolea kuna watu wanatapisha vyoo usiku, uchafu unakwenda na maji, asubuhi watoto wanaukanyaga wakienda shule. Tunajua wote na hatusemi. Bomba kuu la maji taka liko barabara ya lami. Nyumba moja moja tumeomba miaka, hakuna aliyetusikia. Mradi wa nyumba 60 kuutegemeza kwa shimo ni shida, heri bomba livutwe, na likivutwa litapita mlangoni kwetu. Tudai na sisi tuunganishwe.

Mama Tunu, 18:33
Frank, liandike vizuri. Liwe sharti la kwanza kwenye barua.

Baba Aisha, 18:34
Barua gani tena?

Mama Tunu, 18:36
Ya kuunga mkono kwa masharti. Wanaomba maoni, na maoni si pingamizi peke yake.

Mama Rehema, 18:52
Mimi niko katikati. Nimekulia Magomeni Kota, ahadi nazijua. Tulikuwa kaya 644 tulioambiwa tupishe, tutarudi zikijengwa mpya. Mama akapanga Kigogo, akahamia Tandale, akaishia Mbagala. Miaka ikapita pale ni pori tu. Oktoba 2016 Rais Magufuli akafika Kota, akasema nyumba zitajengwa na wale wa zamani watakaa miaka mitano bila kodi. Mama alilia akisikiliza redio ya jirani. TBA, Wakala wa Majengo wa serikali, wakajenga, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia akazifungua, akakubali wakazi wanunue kwa mpango wa mpangaji mnunuzi.
Mama alirudi. Baba hakurudi, alifia Tandale kwenye chumba cha kupanga. Miaka yote hiyo mama aliitunza barua yake ya kuahidiwa kurudi kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, mvua ikiingia anaanza kuokoa ule mfuko ndipo anakumbuka nguo. Kwa hiyo mimi sahihi nitaweka, ila kila kitu kiwe kwenye karatasi. Kodi itakuwa kiasi gani, itapandaje, na nani anapewa kwanza. Maneno ya mkutanoni siyataki.

Mama Tunu, 18:58
Mungu amrehemu baba. Nimeandika yote matatu. Na kwetu hapa hahamishwi mtu hata mmoja, lile godauni lina popo na mabati mabovu tu.

Swedi (mjukuu wa Bi Mwajuma), 19:20
Shikamooni. Bibi kasikia mnachozungumza, kasema niandike kama alivyosema. "Mimi nina miaka 71. Bafu langu halina paa. Uani kwangu nafua kichwa wazi, napika nimejifunga kanga moja. Mkisimamisha ghorofa nne, watu wote wale wananitazama kutoka juu. Stara yangu mtanirudishia nani?"

Mama Godi, 19:22
Umeona sasa.

Mama Tunu, 19:24
Swedi, mwambie bibi nakuja sasa hivi.

Mama Tunu, 21:40
Nimetoka kwa Bi Mwajuma, tumekaa uani kwake mpaka chai imeisha. Nilipoketi pale kwenye mbuzi ya kukunia nazi nikaona anachokiona yeye. Ukuta wa godauni uko hatua kumi na mbili kutoka bafuni. Ghorofa ya pili tu, mtu akisimama dirishani anaona mpaka ndani ya ndoo. Hana kosa hata chembe. Mwalimu Lyimo, wewe ulikuwa msimamizi wa ujenzi, hili linatibika?

Mwalimu Lyimo, 21:55
Linatibika likiwa bado mchoro. Upande ule waweke ngazi na vyoo, madirisha yake yawe madogo na juu ya kimo cha mtu. Vyumba vya kulala na roshani vigeukie barabarani. Nondo zikishasimama hakuna atakayekusikiliza. Ndiyo maana mimi siipendi barua ya kupinga tu. Ikishindwa, ghorofa linajengwa vilevile na dirisha linabaki kwa Bi Mwajuma.
Tena tutazame mbali kidogo. Sensa ya 2012 mkoa wetu wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengine ni watoto wetu tuliowazaa humu humu. Wangu wa pili kapanga Goba, tunaonana sikukuu.

Mama Godi, 22:03
Godi naye yuko Kivule. Sikuwa nimeliwaza hivyo.

Ijumaa

Baba Aisha, 07:10
Nyumba yangu nimejenga miaka kumi na tano. Wakija hao bei yake ikishuka, mtanilipa?

Mzee Salum, 07:48
Baba Aisha, nakuandikia mbele za watu kwa sababu nakupenda. Mwaka 1994 ulifika kwangu na godoro na jiko la mkaa. Nikakupa chumba cha uani. Hukuwa na miezi sita, hukuwa na hata mitatu, ukawa unanilipa mwezi kwa mwezi, na mwezi wa Ramadhani ule ulioumwa nikakusamehe. Aisha kazaliwa chumba kile. Hakuna jirani aliyekwenda manispaa kukupinga. Jana nilitoka nyumbani kuja kuweka sahihi kwenye barua yako, nikafika kwenye ule mlango wa uani nikarudi.

Baba Aisha, 08:30
Ni kweli Mzee. Sijasahau na sitasahau.
Lakini shule yetu darasa la tatu watoto wanakaa chini. Nyumba 60 zina watoto wangapi? Mnijibu na hilo.

Mama Tunu, 08:41
Sina jibu la hilo, na una haki ya kuliuliza. Litaingia kwenye barua kwa maneno yako, na jina lako ukiridhia. Tumuombe mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano kabla ya Ijumaa, wenye mradi waje wajibu wenyewe.
Kesho saa mbili asubuhi tunaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mimi na Mama Rehema upande wa msikiti, Frank na Mwalimu upande wa mashine ya kusaga. Asiyetaka kuweka sahihi tuulize anahofia nini, tuandike.

Mama Godi, 08:44
Kwangu anzeni mapema, naenda sokoni.

Baba Aisha, 09:02
Sahihi ya kuunga mkono sitaweka. Ila la bomba nitapita na Frank, nyumba zenye mashimo yanayofurika nazijua.

Frank Fundi Bomba, 09:03
Karibu sana mzee wangu. Njoo na buti.

Swedi (mjukuu wa Bi Mwajuma), 09:15
Bibi anasema ataweka dole gumba, lakini kwanza asomewe kipande cha dirisha mara mbili. Anauliza kidau cha wino mnacho au aazime kwa mjumbe.