Nani humu aliwaona wanamuziki wa roki kabla hawajawa na jina?

GitaaKavu:
Shikamooni wakubwa. Nimegundua roki ya Zambia ya miaka ya 1970, ile iitwayo Zamrock, na kwa sasa sisikilizi kitu kingine. Kuna aliyewaona vijana wa bendi ya WITCH kwa macho yake wakati wanaanza? Jukwaani walikuwaje?

MzeeBomba:
Marahaba mwanangu. Umenigusa penyewe. Baba alipata kazi Ndola kwenye bomba la mafuta la TAZAMA, lile linalotoka Dar, kwa hiyo nimekulia Copperbelt, ule mkoa wa migodi ya shaba wa Zambia. Kaka yangu alikuwa na marafiki Kitwe, kama kilomita 60 hivi, na Jumamosi alinichukua.

WITCH niliwaona wakiwa bado bendi ya mtaani tu, Ulaya hakuna anayewajua. Ukumbi ulikuwa wa wafanyakazi wa mgodi. Watu wametoka zamu, wameoga, wamevaa bugaluu na raizoni, na mlangoni polisi wanahangaika na waliokosa nafasi. Muziki ulianza jua halijazama, na usiku wa manane ukikaribia bado wanapiga. Saa sita mfululizo kwao lilikuwa jambo la kawaida.

Emmanuel Chanda, mwimbaji wao, yule waliyempa jina la Jagari kwa sababu ya Mick Jagger wa Rolling Stones, hakutulia hata kidogo. Anaruka chini, anacheza katikati ya watu, anarudi juu kabla ubeti haujaanza. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa Chris Mbewe, mpiga solo. Nilisimama upande wake, karibu na spika, nikawa naangalia mguu wake wa kulia. Kila akikanyaga kile kidude cha sakafuni, gitaa linakwaruza, linalia, halafu anaachia na sauti inarudi safi. Giddy King anamjibu kwa besi, na besi ile uliisikia kifuani kabla ya masikioni.

Wapo wanaosema waliiga Wazungu. Sikubali kabisa. Rolling Stones tuliwasikia redioni, ndiyo, ila mwendo wa ngoma za Boidi Sinkala ulikuwa wa kwetu, na wake za wachimba mgodi waliucheza bila kufundishwa. Santuri yao ya kwanza, *Introduction*, waliiuza wenyewe kwenye maonyesho. Kaka aliinunua, tukaipiga mpaka ikachakaa.

Shosho_wa_Eastlands:
Sisi Nairobi tuliwapata Musi-O-Tunya, Wazambia pia, kina Rikki Ililonga. Walikaa huku miaka hiyo. Walichanganya tarumbeta na gitaa la roki, na ukitoka pale sauti imekukauka kwa kupiga kelele. Tafuta *Wings of Africa* ya 1975, mjukuu wangu.

GitaaKavu:
Asante sana shosho. Mzee, sasa ilikuwaje wakazimika?

MzeeBomba:
Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 70, na Copperbelt shaba ndiyo mshahara, ndiyo kiingilio. Ikaja vita ya Rhodesia jirani, Zimbabwe ya leo, umeme unazimwa, amri ya kutotoka usiku, maonyesho yakahamia mchana. Jagari akaenda kufundisha shule, baadaye akaingia kwenye machimbo ya vito.

Halafu UKIMWI. Hili naliandika kwa uchungu, maana walikuwa rika la kaka yangu. Mbewe, John Muma, Giddy King, Sinkala, Paul Mumba wa kinanda: kundi lile la mwanzo wote wameondoka, kabaki Jagari peke yake. Watu wa Marekani walipozitoa upya rekodi zile, alikuwa kapita miaka 60, na akarudi jukwaani. Mwaka 2023 WITCH wametoa albamu mpya, *Zango*.

Wewe anza na *Lazy Bones!!* ya 1975. Usiisikilizie kwenye simu, tafuta spika yenye besi.