Vidari vya kuku vya friza, jioni nipikeje?

Jamani friza imejaa vidari vya kuku, nikitoka kazini watoto washaanza kulia njaa, nipike nini cha chapchap kisichokula hela?

— Usingoje viyeyuke kabisa dada, vikiwa vigumugumu kati ndo vinakatika vyembamba, rusha kwenye kikaango na kitunguu na karoti moto mkali, fasta tu vimeiva.

— Ila usiviache mezani kutwa! Funga kwenye mfuko usiopitisha maji, zamisha maji baridi, badilisha kila dakika 30.

— Mi navichemsha na barafu yake, muda unaongezeka kama nusu hivi, nachambua nyuzinyuzi nachanganya na tambi. Supu usiimwage aisee, pikia wali.

— Asanteni, leo tambi basi.