Tupeane uzoefu: Rafiki yako ni wimbo gani wa Sauti Sol?

Kijana_wa_Buru (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana.

Kwenye kundi letu la waliosoma pamoja tuna mchezo ulioanza mwaka 2015, pale Sauti Sol, ile bendi ya Kenya, walipoiweka albamu nzima ya Live and Die in Afrika mtandaoni watu waipakue bure. Bure ilikuwa ya wenye bando. Sisi wengine tulimtegemea mwenzetu aliyekuwa akifanya kazi saiba, akatupakulia, akatugawia kwa flashi. Sasa huyu bwana, kabla ya kugawa, alibadilisha majina ya faili. Kando ya kila wimbo akaandika jina la mmoja wetu na hakueleza sababu. Ugomvi ukaanzia hapo.

Siku hizi tumezirudia hata nyimbo za zamani na zilizokuja baadaye, na kila mtu ana wake. Kwenye simu yangu watu wamehifadhiwa kwa nyimbo, si kwa majina. Wanabendi wenyewe, Bien, Chimano, Savara na Polycarp, walipofanya tamasha lao la kuagana Nairobi Novemba 2023, waliokwenda walikuwa wanatutumia taarifa sisi wa nyumbani: wako umepigwa, wako bado, wako sijui kama wataufikia.

Masharti yetu: hujichagulii, unapewa. Na anayekupa atoe kisa. Kusema "wanafanana tu" hakukubaliki.

Naanza mimi. Sura Yako kila mtu hudhani ni ya mrembo wa kundi. Kwetu ni ya jamaa mwenye kibanda cha M-Pesa, na kwa uzuri, Mungu amsaidie. Amepewa kwa sababu hasahau sura. Majina hayawezi kabisa, hata ya mashemeji zake, lakini ukipita kwake leo, ukirudi baada ya miaka atakwambia siku ile ulivaa koti la kijani na ulikuwa na haraka. Kuna mtu alikuja kutoa pesa kwa kitambulisho kisicho chake. Jamaa akaitazama picha, akamtazama mteja, akasema, "Huyu wa kwenye picha namfahamu, huwa ananunua mkate hapo jirani. Wewe ni nani?" Mteja akaacha kitambulisho mezani akatokomea. Tatizo la rafiki yetu ni moja, hawezi kucheza lipala, ule mtindo wa kucheza wa huo huo Sura Yako. Obama mwenyewe aliicheza Ikulu ya Nairobi Julai 2015, yeye mpaka leo anahesabu hatua kwa mdomo.

Wa pili ni mweka hazina wa chama chetu. Ana Tujiangalie, ule wa 2018 walioimba na Nyashinski. Wao waliiambia nchi nzima ijitazame. Yeye anamwambia mtu mmoja mmoja, saa tano usiku, akiwa na rekodi ya michango.

Karibuni. Leteni visa.

BintiKaloleni

Mimi nimekaa na hili siku nyingi, wacha niliseme.

Kwetu Nerea ni mwanamume.

Ni rafiki yangu tangu chuo. Mdogo wake wa kike alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Nyumbani moto uliwaka, baba hataki kumwona, mashangazi wamekuja na ushauri wao wa chini chini ambao mnaujua. Kaka mtu wakati huo alikuwa anauza viatu vya mitumba Kongowea, hata kodi ya chumba inamshinda. Akaenda nyumbani, akakaa, akasikiliza wote, akasema, "Azae. Mtoto niandikieni mimi." Hakusema zaidi ya hapo. Akamchukua binti akakae kwake, yeye akahamia kulala kwa rafiki, na alipojifungua akamrudisha shule.

Wimbo ulitoka mwaka uleule, 2015, wakiwa na Amos na Josh. Mle kijana anamsihi Nerea asiitoe mimba, anamtajia huenda mtoto akawa Wangari Maathai, huenda akawa Nyerere, Mandela, Lupita, huenda akawa Wanyama acheze soka Uingereza. Sisi marafiki tulipousikia kwenye matatu tulitazamana, hakuna aliyehitaji kuambiwa ni wa nani.

Mtoto mwenyewe sasa ni mkubwa, ana maneno. Nilimsomea ile orodha ya watu maarufu nikamuuliza anataka kuwa nani kati yao. Akaniambia hataki hata mmoja, anataka kuendesha treni ya SGR.

Pwani_Tulivu

@BintiKaloleni dada, kisa kizuri. Lakini wimbo ni wa huyo binti, si wa kaka. Nerea ni mwanamke anayeimbiwa.

BintiKaloleni

Tulimuuliza. Akasema hautaki, hana haja ya kukumbushwa kila ukipigwa redioni. Nasi tukaona ana haki. Isitoshe kwenye wimbo kuna anayeimbiwa na kuna anayeimba. Kaka yake ndiye sauti inayosihi. Ningesema hata wimbo unamdai, kwa sababu mle kijana anaomba tu, huyu alilipa.

Pwani_Tulivu

Hapo sina la kuongeza.

Bodaboda_Mstaarabu

Rafiki yangu ana Blue Uniform, kutoka ile albamu ya kwanza kabisa, Mwanzo. Wimbo wa vijana na usumbufu wa polisi. Jamaa alikuwa na rasta, na nawaambia, tukitembea watu sita usiku, atasimamishwa yeye. Tukiwa kwenye gari, ataambiwa ashuke yeye. Akiwa na kitambulisho ataulizwa kwa nini anacho.

Mwaka juzi akanyoa, akaenda kwenye usaili, akachukuliwa. Sasa yeye ndiye afande.

Kundi limegawanyika. Wengine wanasema wimbo umwondokee, wengine tunasema ndiyo kwanza umemkaa sawasawa.

Mama_Wawili

@Bodaboda_Mstaarabu nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂

Kaka_Maskati

Salaam kutoka Muscat.

Mimi nina Coming Home, ule wa 2011, na nilipewa na watu wasio na huruma. Kila mwaka ikifika Oktoba nawaambia Desemba hii nakuja. Naamini kabisa ninaposema. Halafu nauli inapanda, au likizo inasogezwa, au kuna ada ya mtu nyumbani ambayo ukiitazama na ukiitazama tiketi, unajua ipi itangoja. Basi ikifika Januari mtu anauweka wimbo kundini, bila neno hata moja.

Ubaya ni kwamba walimfikishia mama mzazi. Sasa nikimpigia, baada ya shikamoo na habari za huko, ananiuliza, "Na ule wimbo wako, wameshafika kiitikio?"

Wallahi mwaka huu nakuja.

Kijana_wa_Buru

@Kaka_Maskati tumesikia 🙂

Nyota_ya_Kinondoni

Mabibi na mabwana, nimekuja na malalamiko.

Mashoga zangu wamenipa Money Lover. Mimi! Nauza madera na vitenge kwa mkopo. Watu wanachukua mzigo mwezi mtukufu, wanavaa Idi, wanapiga picha, wananiwekea na mioyo. Nikiuliza hela naambiwa "shoga nawe, kwani nakimbia?" Nikiuliza mara ya pili ndiyo nimeshakuwa mpenda pesa. Jamani, kudai changu? Wimbo ule unamsema mwanamke anayefuata hela za watu. Mimi nafuata hela zangu, zimetembea tu na kukaa kwenye pochi za wengine.

Nilikata rufaa. Wakakaa kikao, wakanibadilishia Unconditionally Bae, eti kwa sababu yupo Alikiba, mtoto wa kwetu, nisijisikie mgeni. Nikawaambia hiyo ni rushwa. Tena nimegundua aliyependekeza ndiye anayedaiwa madera matatu.

Fundi_Gita

@Nyota_ya_Kinondoni dada usikubali. Wimbo wa kubembeleza usifute deni.

Mimi napenda kuongeza jambo kidogo la ufundi, maana naona wengi mnalinganisha maneno. Mimi hulinganisha sauti. Watatu kati yao walianzia pamoja shuleni Upper Hill, wakiimba kwa midomo tu. Polycarp akaungana nao baadaye na gita lake. Chukueni Lazizi mkaisikilize vizuri, msifuate waimbaji, fuateni gita. Liko chini, halijigambi, lakini ukilitoa wimbo wote hauna pa kukanyagia.

Nina rafiki wa hivyo. Kwenye kikao haongei. Kwenye picha yuko pembeni, au ndiye aliyepiga. Mwaka mmoja alihamishiwa kazi Lodwar, na kundi la watu wanane likafa. Hatukugombana na mtu, ila hakuna aliyekuwa anasema "Ijumaa tukutane wapi." Kumbe miaka yote alikuwa anasema yeye. Nikampa Lazizi. Akaniuliza, "Mimi na mapenzi wapi na wapi?" Nikamwambia hayo ya mapenzi ni ya waimbaji.

Mzee_wa_Mawimbi

Vijana, hamjambo. Naomba nafasi, ingawa nitatoka nje ya mada yenu kidogo.

Huu mchezo si mpya. Sisi tuliucheza na Les Wanyika. Mnajua lile kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, Simba Wanyika ya ndugu wawili wa kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokuja kutia nanga Nairobi. Les Wanyika wakawa na John Ngereza, Omar Shabani, Tommy Malanga kwenye besi, na wakatupa Sina Makosa. Ile besi ya mwanzo, mtu anaitambua kabla hajavua koti.

Pale kazini kwetu palikuwa na mwenzetu wa stoo. Kikipotea kitu, kabla hujamuuliza, ameshasema, "Mimi simo." Unamwita kwa jema, anaanza kujitetea. Mkurugenzi alimwita ampe barua ya kupandishwa cheo, akaingia na shahidi. Basi tulimwita Sina Makosa, na jina likamkaa. Watoto wa mtaani walikua wakidhani ndilo la kuzaliwa. Kwenye wimbo, jamaa anatuhumiwa juu ya mwanamke ambaye si wake wala si wa yule anayemkasirikia, anauliza hasira za nini. Mwenzetu hata mwanamke hakuwepo, anajitetea tu.

Alistaafu vizuri. Siku ya kumuaga tukampigia. Alisimama akacheza na mkewe, na aliporudi kukaa akatuambia, "Lakini nani aliwaambia mimi nacheza?"

Mama_Wawili

Shikamoo mzee. Hapo kwenye shahidi nimeishiwa nguvu.

Mzee_wa_Mawimbi

Marahaba mwanangu.

Kitunguu_Maji

Sisi kuna mtu ana Kuliko Jana. Kwa sababu leo amechelewa kuliko jana. Na kesho mtaona.

Mwimbaji_wa_Alto

@Kitunguu_Maji kaka yangu, huo ni wimbo wa Mungu. Ule walioimba na kwaya ya RedFourth bila ala yoyote, sisi kwetu tunauimba ibadani. Tusiufanyie mzaha.

Kitunguu_Maji

Samahani dada, sina nia mbaya. Lakini hata ibadani huyo ndiye anayeingia wakati wa sadaka.

Mwimbaji_wa_Alto

Basi nikupe wangu, uone unavyofaa kutumika. Kwaya yetu ina mama mmoja wa sauti ya tatu. Hajawahi kushika ufunguo sawa, hata mara moja, na hajawahi kukosa mazoezi. Mwalimu wa kwaya kila wiki anamwambia, "Mama, leo afadhali." Yeye anajibu, "Kuliko jana?" kwa furaha kabisa. Tulimpa wimbo huo kwa heshima, na siku tulipouimba yeye ndiye aliyeanzisha. Akaanzisha juu mno. Tukamfuata huko huko, soprano wakaumia, lakini tulimaliza.

Fundi_Gita

Huyo mama namtaka kwenye bendi yangu.

Nyota_ya_Kinondoni

Taarifa kwa wanajukwaa: mmoja kati ya wadaiwa ameusoma uzi huu. Amelipa dera moja. Naombeni muendelee kuchangia uzi usishuke.

Bodaboda_Mstaarabu

Up 🔥

Kaka_Maskati

Up.

Dada_wa_Kilimani

Nami naomba msaada, wenzangu. Nina rafiki yangu wa kiume, hatujafikia kuitana majina, mnanielewa. Nikimtumia ujumbe anausoma, naona tiki za buluu, hajibu mpaka kesho yake. Nikipiga hapokei. Halafu naingia mtandaoni naona yuko hewani. Jana nimehesabu ameingia na kutoka mara kumi na moja. Nikamuuliza rafiki yake, nikamuuliza dada yake. Nimefikiria sana wimbo wa kumpa. Nilikuwa kati ya Suzanna, kwa vile naona tayari ni mpenzi wa zamani, na Short N Sweet. Mnashauri upi?

BintiKaloleni

Insecure.

Dada_wa_Kilimani

Hapana, yeye anajiamini sana, hilo si tatizo lake.

BintiKaloleni

Nimekupa wewe, mpenzi.

Mama_Wawili

😂😂😂 mara kumi na moja jamani

Dada_wa_Kilimani

Haya. Na yeye je?

Mzee_wa_Mawimbi

Yeye hapewi, binti yangu. Tutamjulishaje na simu hapokei?