Ukurasa mkubwa umebeba picha yangu, wameandika "kredit kwa mwenyewe". Hii kisheria imekaaje?

LensiKali:
Wakuu habari za humu. Nilipiga picha nikaiposti kwenye akaunti yangu, baadae naikuta kwenye ukurasa wenye wafuasi kibao, wamekata pembeni palipokuwa na jina langu wakabandika logo yao na hapo hapo wanatangazia viatu, chini eti "kredit kwa mwenyewe". Mwenyewe nani sasa? Nimewafuata inboksi wananiambia kitu ukishakiweka mtandaoni ni cha wote. Kinachoniuma zaidi, mimi niliwahi kuweka wimbo sekunde chache tu nyuma ya video, sauti ikakatwa fasta. Sasa hakimiliki ni ya wakubwa peke yao au? Na hiyo picha sijaisajili popote.

Kifungu_cha_Pili:
Haki unayo mkuu. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa tangu 1886 ambao karibu nchi zote zimo, kazi inalindwa yenyewe bila usajili. Ila zipo sehemu, Marekani kwa mfano, ambako kusajili kunakupa nguvu mambo yakifika mahakamani.

Hilo la "cha wote" lilishajaribiwa. Mpiga picha Daniel Morel alipiga picha za tetemeko la Haiti 2010 akazirusha kupitia Twitter, jamaa mwingine akazibeba akaziweka kwake kama zake, shirika la habari la AFP likazichukua huko na Getty, kampuni ya kuuza picha, wakazisambaza. AFP wakajitetea kwamba masharti ya Twitter yanaruhusu. Mahakama ikakataa, na mwaka 2013 wazee wa baraza wakaamua alipwe dola milioni 1.2 hivi. Ukijiunga na mtandao unaupa mtandao wenyewe leseni ya kuonyesha kazi yako, muuza viatu hujampa kitu. Na kumtaja mtu sio kuomba ruhusa, sembuse hao ambao hata jina wamelikata.

chekibobu:
Mnakuza mambo nyie. Tukienda hivyo meme zote zife basi maana hakuna hata moja yenye picha ya aliyeiposti 😂

Kifungu_cha_Pili:
@chekibobu hazifi. Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao ya 2019 waliacha mlango kabisa kwa nukuu, uhakiki, vikatuni vya dhihaka na kuigiza kwa utani. Ugomvi huwa unaanzia kwenye hela. Yule chura wa katuni Pepe kasambaa dunia nzima kwa miaka na mchoraji wake Matt Furie hakuwa anakimbizana na kila anayecheka, ila tovuti ya Infowars walipouza bango lenye sura ya Pepe aliwashtaki, 2019 wakamalizana kwa dola 15,000. Huyo wa viatu yupo kundi hilo, hatanii mtu.

nyuzi_na_waya:
Kuhusu sauti kukatwa: hiyo ni mashine, sio hakimu. YouTube wana Content ID tangu 2007, inafananisha ulichopandisha na mafaili waliyopewa na wenye kazi, halafu mwenye kazi ndo anachagua ifungwe, matangazo yamlipe yeye, au aifuatilie tu. Mashine haijui utani wala uhakiki. Na zile stori za "chini ya sekunde kumi ni bure" ni uzushi, sheria haina kipimo hicho. Lakini pia ufupi sio kosa moja kwa moja, mama mmoja Marekani alishushiwa video ya sekunde 29 mtoto wake anacheza, wimbo wa Prince unasikika nyuma, akapambana mpaka mahakama ya rufaa ikasema 2015 kwamba mwenye wimbo lazima kwanza afikirie kama matumizi yale ni halali ndo aombe ishushwe.

LensiKali:
Nimewaelewa. Kwa hiyo naanzia wapi?

nyuzi_na_waya:
Piga skrinshoti sasa hivi zenye linki na tarehe, kabla hawajafuta. Faili halisi ulilotoa kwenye kamera usiliguse. Kisha jaza fomu ya hakimiliki ya mtandao husika, sio kile kitufe cha kuripoti cha kawaida. Kwa sheria ya Marekani ya 1998, ambayo mitandao mingi mikubwa inaifuata, wenye ukurasa wanaweza kupinga, na usipofungua kesi picha inarudishwa ndani ya siku 10 mpaka 14 za kazi. Halafu jina na mawasiliano unayojaza huko mara nyingi yanafika kwa unayemlalamikia, kwa hiyo weka imeli ya kazi, usiweke ya nyumbani.