Eti mbuzi hapiti?! Leo nimechoka rasmi

MtotoWaMutukula: Wakuu, nimetoka darasani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Ni mhadhiri yule yule. Simtaji, mnamjua, hata askari wa getini akimwona anaficha chai.

Nimekesha siku tatu na mchoro wa daraja. Tangu Jumapili nimekula rolex moja, ile chapati ya mayai. Leo saa mbili asubuhi kaunyanyua mbele ya darasa zima kwa vidole viwili, kama nepi, akasema: "Hapa hata mbuzi aliyelelewa vizuri hapiti."

Mbuzi! Si lori la saruji, si boda iliyobeba matoke. Mbuzi! Tena aliyelelewa vizuri, maana yake mbuzi mhuni angejaribu. Watu wakavunjika mbavu. Mmoja huko nyuma akalia "meee". Baba kauza ndizi, nimevuka mpaka kuja kusoma Uganda, nimefika mwaka wa 3 kati ya 4, leo naambiwa mbuzi hapiti? Kosa lenyewe sikulisikia, masikioni ilikuwa meee tu.

Fundi_Zege: Pole. Lete hesabu.

MtotoWaMutukula: Boriti ya mita 6, imelala juu ya nguzo 2, mzigo kilonyutoni 20 kila mita. Momenti, yaani kani ya kuipinda boriti, nimepata 360. Lakini hoja ni mbuzi.

Fundi_Zege: Jibu ni 90. 20 mara 6 mara 6 ni 720, umegawa kwa 2 badala ya 8. Hiyo ni ya boriti iliyoshikwa upande mmoja, upande mwingine unaning'inia hewani.

MtotoWaMutukula: Sasa si nimeliimarisha mara 4? Hata tembo wa Murchison anapita!

Fundi_Zege: Tembo anapita, bajeti haipiti. Na kwa nondo zilizojazana hivyo, zege utalimwaga wapi?

KichwaNgumu: Meee.

BiTransfoma: Nyie wa madaraja mna raha. Sisi wa umeme tunakaririshwa mabwawa ya umeme, Jinja tangu 1954, Karuma megawati 600, halafu nikirudi hosteli Kikoni nasoma saketi kwa tochi ya simu. Chaji asilimia 4.

KijanaWaArua: Banange, angalau wewe unaziona saketi. Mimi fildi nzima, mafunzo ya kazini, kifaa nilichoshika ni birika. Mhandisi mkuu alinijua kwa jina la "Sukari Mbili".

Mzee_wa_Ritekii: Mnalia nini? Mimi narudia hesabu za mwaka wa 1 na watoto wanaoniita anko. Juzi mmoja kanipisha kiti.

MtotoWaMutukula: Jamani, turudi kwenye mbuzi.

KijanaWaArua: Anko alikaa au alikataa?

Mzee_wa_Ritekii: Nilikaa. Magoti yanauma.

BiTransfoma: Mleta mada, hiyo rolex ya Jumapili uliila wapi? Mimi ya Wandegeya nimeihama.

MtotoWaMutukula: Hapo hapo Wandegeya. Mayai mawili.

BiTransfoma: Mawili uliyahesabu wewe au aliyahesabu muuzaji? Mimi alipasua moja, akalipaka kwenye chapati kama rangi ya ukuta.

KichwaNgumu: Huyo wa ndoo ya bluu? Bado ananidai chenji, yaani mimi ndiye namdai.