Tupeane uzoefu: shule zikifunguliwa wakati wa mlipuko wa ugonjwa, wapishi, walinzi na wafagizi wanalindwaje?

Ndoo_na_Koki
Mwangaluka wana Mwanza. Leo kwenye geti la shule moja upande wa Igoma nimeona zile ndoo zenye koki za mwaka 2020. Zimepasuka, zimepandwa vitunguu. Nikakumbuka Juni 29 ya mwaka ule, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa tangu Machi kwa ajili ya korona. Wanafunzi walifundishwa kunawa. Mama aliyezijaza ndoo zile alfajiri, nani alimfundisha kitu? Kipindupindu hakijatuaga ukanda huu wa ziwa, na Kagera hapo jirani Marburg, ile homa kali ya virusi, imetangazwa mara mbili, 2023 na 2025. Wenye ujuzi wa jikoni, getini, vyooni na bwenini, mwageni vipimo. "Zingatieni usafi" tumeshaisikia ya kutosha.

JikoLaKuni
Nianze na jikoni. Kitakasa mikono hakina kazi karibu na jiko la kuni. Kile cha kufaa kina spiriti asilimia 70 hadi 80, na spiriti ikiwaka mchana moto wake ni hafifu mno, hauonekani. Mpishi anapaka, viganja bado vimelowa, anasogeza ukuni. Anahisi kuungua kabla hajaona kitu, na akijipangusa kwenye aproni moto unahamia huko. Jikoni ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, basi. Chupa za spiriti zikae ofisini, kivulini.

Barakoa nayo ina mambo yake. Anayesonga ugali wa watoto 400 mvuke unampiga usoni moja kwa moja. Muda mfupi tu barakoa imelowa, hewa haipiti, anaishusha kidevuni. Msimlaumu. Fungueni jiko pande mbili hewa ipite, wasonge wawili kwa zamu badala ya watano kubanana, na barakoa wasikose kuivaa wakati wa kugawa, maana hapo ndipo watoto wanapowajia usoni. Kila mpishi apewe nne kwa siku; ikilowa inabadilishwa, jioni zinafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Wekeni meza pana mbele ya sufuria ili mpishi na mtoto wawe na mita moja kati yao, upawa uwe wa mpini mrefu, na mtoto asiushike kabisa.

Mwalo_wa_Kirumba
Upawa! Naunga mkono. Upawa mmoja ukipita mikono 400, kazi yote ya ndoo imekwisha.

Lindo_la_Usiku
Getini: mlinzi anakabidhiwa kipimajoto cha bastola bila maelekezo. Kwanza asome karatasi yake, vingi vinataka sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye paji la uso. Mtoto aliyetembea juani kutoka Buhongwa atasoma juu bila kuumwa, na mwenye jasho atasoma chini ya hali yake halisi. Wapumzike kivulini dakika kumi, paji lipanguswe, ndipo apimwe. Kipimajoto chenyewe kikikaa juani kinadanganya pia. Mlinzi asimame ubavuni mwa mtoto, asikabiliane naye pua kwa pua. Daftari la wageni aliandike yeye mwenyewe kwa kalamu yake, mgeni ataje jina tu.

Bwana_Afya
Mkuu, mlinzi kupima homa ni makosa tangu mwanzo. Hiyo ni kazi ya mwalimu wa afya.

Lindo_la_Usiku
Mwalimu wa afya saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko wapi? Watoto wanafika kabla yake. Mfundisheni mlinzi, mpeni barakoa na kivuli, kazi ataiweza.

DekiDeki
Naomba mnisikilize kwa hili la vyoo, maana ndilo linaloua. Shule ikifunguliwa, mfagizi anaambiwa vyoo ving'ae kabla ya saa moja. Anakuta sinki lina ukungu wa manjano wa miezi mitatu. Anamwaga dawa ya choo yenye asidi, ile inayochemka ikigusa saruji. Haijasuuzwa, anaongeza klorini juu ili "iue na vijidudu". Hapo hapo inatoka gesi ya klorini, ya kijanikijani, harufu inachoma pua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haipandi dirishani, inatanda chini, na yeye ameinama anasugua. Mlango ameufunga ili wanafunzi wasiingie. Macho yanamwaka, anakohoa, kifua kinabana, anahangaika kutafuta komeo.

Cha kufanya: toka haraka, usirudi kuchukua ndoo. Panda juu upande upepo unakotoka. Vua nguo zilizorukiwa, osha macho kwa maji safi dakika 15. Kisha hospitali, hata ukijisikia umepona, maana maji yanaweza kujaa kwenye mapafu saa kadhaa baadaye, usiku umeshalala. Mwenye pumu asipangiwe kazi hii.

Mkojo uliotuama nao ukikutana na klorini unatoa gesi ya kuchoma. Kwa hiyo mwaga maji mengi kwanza, sugua kwa sabuni, suuza, klorini iwe ya mwisho. Asidi na klorini zisikae hata kwenye kabati moja.

Samaki_Foro
Jamani nimesisimka. Maziwa fresh glasi moja si yanakata hiyo sumu?

DekiDeki
Hapana dada yangu. Gesi imeingia kwenye mapafu, maziwa yanakwenda tumboni. Muda wa kutafuta maziwa ndio wa kutafuta bodaboda ya hospitali.

Bibi_Vipimo
Kwa kuwa klorini imetajwa, vipimo ni hivi. Ya maji ya dukani yenye asilimia 3.5: kwa meza, vitasa na sakafu wakati wa korona ilitakiwa asilimia 0.1, yaani kipimo 1 cha dawa na 34 vya maji. Ndoo ya lita 20 inachukua kama mililita 570. Kwa sakafu na vifaa vilivyochafuliwa na matapishi au kinyesi cha kipindupindu ni 0.5, kipimo 1 kwa 6. Ya unga ya asilimia 70: vijiko 2 vya chakula vilivyosawazishwa kwa lita 20 vinatoa 0.1, vijiko 10 vinatoa 0.5. Tia maji kwanza, unga baadaye, maji yawe baridi. Iache sehemu iliyopakwa ikae mbichi dakika 10. Changanya kila siku, funika, weka kivulini, kwa sababu jua linaimaliza nguvu. Anayechanganya avae glovu ndefu, miwani na gambuti, na suruali ikae nje ya gambuti. Ikichomekwa ndani dawa inatiririkia mguuni.

Bwana_Afya
Na mpulizie wafanyakazi wakiingia getini.

Bibi_Vipimo
Hapana! WHO mwezi Mei 2020 walisema wazi mtu asipuliziwe dawa kwa hali yoyote. Inachoma macho na ngozi, na kirusi aliyemo kifuani haimfikii.

Posho_ya_Mpishi
Mnasahau mwenye homa anayekuja kazini kwa kuogopa kukatwa hela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, ukileta cheti cha daktari.

Lindo_la_Usiku
Mpishi analipwa kwa michango ya wazazi, hana mkataba, hajafikisha hata miezi sita. Hiyo sheria itamsaidia nini?

Posho_ya_Mpishi
Ndiyo maana kamati ya shule iandike mkataba kabla ya siku ya kufungua, hata ukurasa mmoja, na itenge kwenye michango hela ya siku 14 za mpishi wa akiba. Mgonjwa akijua posho yake ipo, atabaki nyumbani.

Nyavu_Nansio
Hakuna aliyegusa maji yenyewe. Shule za huku Ukerewe na visiwani bomba likikauka, ndoo zinajazwa ziwani. Anayeingia maji ya magoti kila siku kwa ajili ya kunawisha watoto anaokota kichocho. Achote kutoka gatini au kwenye mtumbwi, kwa ndoo yenye kamba, avae gambuti. Alfajiri ina nafuu, maana konokono hutoa vimelea zaidi jua likipanda kuelekea mchana, ila si kinga kamili. Maji yakikaa saa 48 kwenye tangi lililofunikwa, lisilo na konokono, vimelea vinakufa; kwa hiyo wekeni matangi mawili, moja linatumika na jingine linangoja. Yakiwa na tope, chujeni kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne kabla ya klorini, la sivyo tope linaila dawa yote.

Ndoo_na_Koki
Dawa za kichocho zinapogawiwa shuleni, huyu mchota maji naye anapewa?

Nyavu_Nansio
Mara nyingi foleni ni ya watoto. Aende kituo cha afya aseme anachota maji ziwani kila siku, apimwe choo, apewe prazikwanteli kulingana na uzito wake. Ale kwanza, tumbo likiwa tupu itamchafua.